Maneno Arobaini

Jumanne, Oldham, mvua ya rasharasha
isiyojua kunyesha wala kukoma.
Ofisi yetu iko juu ya fundi viatu;
nyundo yake hugonga chini ya nyayo zangu
kila ninapotaka kufikiri.
Mezani faili la kijani, jina moja:
Dunstan Olerenshaw, mwigizaji, marehemu.
Aingie kwenye kamusi elezo, au asiingie?
Nimepewa hadi saa kumi.

Karatasi zasema alikuwa
tarishi wa posta. Tarishi tena. Mlevi wa baa.
Maiti, mara nne; mara moja akapewa la kusema
kabla ya kufa: "Mlango uko wazi, bwana."
Miguu ya nyuma ya farasi, michezo ya Krismasi,
misimu sita, Rochdale,
kisha miguu ya mbele, msimu mmoja,
mwenziwe alipoumwa kiuno.
Nikacheka peke yangu. Na huko nako ni kupanda cheo,
kutoka mkiani hadi masikioni.

Bi Thwaite, mhariri mkuu, hana roho mbaya.
Ana kanuni: vyanzo viwili, huru, vilivyochapishwa,
vinavyomzungumzia yeye hasa,
si kumtaja kwa kupita
kama watu wa hapa wanavyotaja hali ya hewa.
Ninacho kimoja. Gazeti la mtaa, aya tatu,
na picha ya kiwiko chake nyuma ya meya.
"Tukimwingiza huyu," asema akikoroga chai,
"tutamkatalia nani?"
Swali hilo halina mlango wa uani.
Na ni mimi, mwezi uliopita, niliyemkata
mama mmoja wa Burnley aliyeigiza wauguzi kumi na tisa.

Ila kuna jambo sijamwambia.
Tanga, nina miaka tisa, ukumbi wa misheni,
projekta inanguruma, shuka limewambwa ukutani,
filamu ya Kiingereza, hatuambulii hata neno.
Akaja tarishi na baiskeli.
Akaangusha barua dimbwini.
Akaiokota, akaipangusa kwenye paja la suruali,
akaitazama
kama mtu aliyemkanyaga mtoto wa jirani,
kisha akaitumbukiza mlangoni, akaenda zake.
Sekunde saba. Ukumbi mzima ukaguna: aa, maskini!
Nyota wa filamu ile simkumbuki. Kisa chenyewe pia.
Na leo, ndani ya faili, nyusi zile zile.

Kumbukumbu yangu si chanzo.
Haina ukurasa, haina mwaka, haina mchapishaji.
Penye "ushahidi" niandike nini,
mguno wa watoto?
Chanda chema huvikwa pete, tulifunzwa;
hatukuambiwa chanda cha wastani huvikwa nini.

Saa tisa na nusu nikaandika: Hapana.
Kalamu haikutetemeka. Sitaisingizia.

Ikabaki kumjibu binti yake, Bi Rosalind,
aliyelileta faili kwa basi, mwenyewe,
limefungwa kwa utepe wa boksi la keki.
Barua ya kazi hiyo tunayo tayari, mistari mitano.
Nikafika "tunasikitika", nikatia mkato,
na baada ya mkato ule nikashindwa kunyamaza.
Nikamwandikia shuka. Nikamwandikia dimbwi,
paja la suruali, vitoto vya Tanga vikimwonea huruma
mzungu mwenye baiskeli.
Chini nyundo ikanyamaza, komeo likafungwa.
Bi Thwaite akaaga, akaniachia taa.
Angeingia, angepata maneno arobaini.
Barua ilifika kurasa nne.

Jibu limekuja leo, kadi ya posta, mwandiko wa kulala:
"Asante. Ile barua kuanguka haikuwamo kwenye mswada.
Ilimponyoka kweli. Alitetemeka wiki nzima
akidhani watamfukuza.
Halafu, jina letu lina L mbili."

Nikalitoa faili kabatini.
Nikaichomeka L, kwa wino.